Damu inapogoma kuganda baada ya upasuaji: Arobaini ikipita, mama bado aangaliwe

Na Mwandishi Wetu

Mshono umekauka, nyuzi zimetolewa, mtoto ananyonya vizuri. Mama wa Sibwesa aliyejifungua kwa upasuaji amesharudi shambani kupalilia, na kwa hesabu ya kila mtu pale nyumbani uzazi umekwisha. Kisha, wiki ya 12 hivi, anaamka paja limevimba na lina doa jeusi kubwa kama sahani, wala hakumbuki kujigonga popote. Siku mbili baadaye fizi zinatoa damu. Wa kwanza kuona ni mama mkwe, na swali lake la kwanza ni lile lile ambalo mkwe yeyote angeuliza: “Mwanangu, nani kakupiga?”

Mama huyu ni wa mfano. Ugonjwa wake ni wa kweli. Nimemweka Sibwesa, kata iliyo katika Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, kwa sababu ni mahali ambapo kutoka mkekani hadi kwenye maabara yenye kipimo anachohitaji kuna vituo vingi vya kupita: zahanati, kituo cha afya, Mpanda mjini, na pengine Mbeya, Mwanza au Dar es Salaam. Masika kila kituo kinakuwa mbali zaidi. Mahali kama hapo, muda ambao familia inautumia kubishana nani kampiga ni muda ambao damu inaendelea kuvuja ndani ya nyama.

Wanawake wanaopita chumba cha upasuaji wameongezeka. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015/16 ulionyesha takriban watoto 6 kati ya 100 walizaliwa kwa upasuaji. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha takriban 11. Katika kipindi hicho hicho makadirio ya vifo vya uzazi nchini yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Ni mafanikio makubwa, na vituo vya afya vya vijijini vilivyojengewa vyumba vya upasuaji vina sehemu yake katika hayo. Lakini mama anayeokolewa kwa kisu leo anarudi nyumbani na kidonda, na mara chache damu yake yenyewe hubadilika. Hilo la pili halizungumzwi sana, hata wodini.

Ukingo wa jaruba

Anayelima mpunga ataelewa haraka jinsi damu inavyoganda. Ukingo wa jaruba ukitoboka, unaanza kwa kutupia nyasi na magugu ili kupunguza kasi ya maji, kisha unakandika tope juu yake mpaka pakauke. Mwilini, nyasi ni chembe sahani, vipande vidogo sana vya damu vinavyokimbilia palipochanika na kushikamana. Tope ni protini za kugandisha damu, ambazo nyingi hutengenezwa na ini.

Protini hizo zilipewa namba, 1 hadi 13, na namba 6 haipo. Wanasayansi waliitangaza, kisha wakagundua ni ile namba 5 katika umbo jingine, wakaifuta bila kupanga upya nyingine. Kwa habari yetu ya leo namba ya kushika ni 8.

Mtoto wa kiume anayezaliwa na upungufu wa namba 8 ana hemofilia, ugonjwa ambao baadhi ya wasomaji wameusikia: mtoto anatahiriwa na damu haikomi, au magoti yanajaa damu akianza kutambaa. Huo unarithiwa. Ninaouzungumzia hapa haurithiwi. Mtu anaishi miaka 25 au 70, anang'olewa meno, anazaa, anajikata na jembe, na damu inakoma kama ya watu wote. Halafu siku moja haikomi. Madaktari huita hali za aina hii matatizo ya kuvuja damu yanayopatikana ukubwani, na upasuaji ni mmoja wa milango yanayoingilia.

Saa za kwanza

Nianze na linaloua zaidi. Damu nyingi inayotoka mara baada ya upasuaji wa uzazi kwa kawaida haitokani na ugonjwa wa damu. Mfuko wa uzazi umelegea badala ya kukaza, au kipande cha kondo kimebaki, au kuna mshipa unaovuja. Hayo ndiyo ya kutafuta kwanza, na wakunga wetu wanayajua.

Tatizo linabadilika damu inapotoka kwa muda mrefu. Kila bonge linaloganda limetumia nyasi na tope. Mama akipoteza damu nyingi na kuongezewa maji ya dripu peke yake, kile kidogo kilichobaki kinazimuliwa. Na kuna hali ambazo damu huanza kuganda ovyo katika mishipa midogo ya mwili mzima: kondo kubanduka kabla ya wakati, kifafa cha mimba kikali, mtoto kufia tumboni na kukaa muda mrefu, maambukizi yaliyoingia kwenye damu. Tope lote linaishia kukandikwa mahali pasipotoboka, na palipotoboka hapana la kukandika. Hospitalini wanaiita kwa kifupi DIC. Mgonjwa anaganda na kuvuja kwa wakati mmoja, jambo ambalo hata wanafunzi wa udaktari huwachukua muda kulielewa.

Dalili yake moja hata ndugu aliyekaa kando ya kitanda anaweza kuiona. Damu inatoka pia pale ilipochomwa sindano ya dripu, kwenye fizi, puani, au mkojo unakuwa mwekundu. Mshono unachuruzika kutoka sehemu nyingi badala ya sehemu moja. Damu iliyoanguka kwenye shuka au beseni inabaki nyepesi kama juisi, haifanyi mabonge. Ukiona hivyo usisubiri zamu ibadilike. Mwite muuguzi umwonyeshe beseni.

Kuna kipimo ambacho hakihitaji umeme wala mashine, na nimekielezea kwa watu kadhaa ambao hawakuamini kuwa ni kipimo cha kweli. Kimo katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu matatizo ya ujauzito na uzazi. Mhudumu anachukua mililita 2 za damu ya mama na kuiweka katika kichupa kidogo cha kioo, kisafi na kikavu. Anakishika ndani ya ngumi ili kibaki na joto la mwili. Baada ya dakika 4 anakiinamisha taratibu kuona kama damu imeanza kuganda, kisha anarudia kila dakika mpaka kichupa kiweze kupinduliwa bila damu kumwagika. Dakika 7 zikipita haijaganda, au limeganda bonge laini linalovunjika ovyo, kuna shida ya kuganda. Mama huyo anahitaji damu na rufaa haraka. Nyuzi za ziada pekee hazitamtosha. Kichupa kiwe cha kioo. Cha plastiki kinachelewesha kuganda na kinaweza kumtia mtu hofu bure.

Madaktari wanaotibu sumu ya nyoka hutumia karibu kipimo hicho hicho, ila wao wanasubiri dakika 20. Kwa wakulima wa Katavi si jambo la pembeni, kwani sumu ya kifutu nayo inaweza kuharibu ugandaji wa damu.

Dawa iliyobadilisha mambo katika saa hizi inaitwa asidi ya traneksamiki. Yenyewe haigandishi damu. Inazuia bonge lililokwisha kuganda lisiyeyuke mapema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulihusisha wanawake 20,060 kutoka nchi 21, Tanzania ikiwemo, na ulionyesha kuwa dawa hiyo inapunguza vifo vya kutokwa damu baada ya kujifungua ikitolewa ndani ya saa 3. Baada ya hapo faida inatoweka. Mzazi aliyejifungulia kijijini na kupandishwa bodaboda saa ya nne ameshaikosa dawa hiyo hata kama imejaa kabatini, na hii ndiyo maana naona habari ya usafiri ni habari ya tiba.

Siku za wodini na za kwanza nyumbani

Mgonjwa aliyepasuliwa, awe mama mzazi au mzee wa tezi dume au kijana wa utumbo uliojisokota, anaweza kukaa siku kadhaa hali chakula, huku akichomwa dawa kali za kuua bakteria. Dawa hizo zinaua pia wale wema wa tumboni ambao hutusaidia kupata vitamini K. Bila vitamini K ini linashindwa kukamilisha protini namba 2, 7, 9 na 10. Inapofika wiki ya kwanza au ya pili, mgonjwa aliyekuwa anaendelea vizuri anaanza kutoka damu puani, au mshono uliokauka unalowa tena.

Katika habari nzima ya leo hii ndiyo sehemu inayotibika kwa urahisi zaidi. Sindano ya vitamini K ni ile ile wanayopewa watoto wachanga, bei yake ni ndogo, na ndani ya saa chache hali huanza kubadilika. Kinachohitajika ni mtu wa kuifikiria. Ndiyo maana ndugu wanaoleta chakula wodini wamwambie daktari ukweli: “Daktari, siku ya nne leo hajala kitu, uji tunarudi nao.” Mara nyingi ndugu hunyamaza wakiogopa kuonekana wazembe.

Wazee wana mtego mwingine. Anayemeza asprini kwa ajili ya moyo, au wafarini kwa ajili ya damu kuganda miguuni, anaweza kwenda kufanyiwa oparesheni ya ngiri bila kuitaja kwa sababu swali aliloulizwa ni “unaumwa kisukari au presha?” Naye wa ini lililoharibiwa na pombe au homa ya ini anafika chumba cha upasuaji na tope pungufu tangu mwanzo.

Na kuna jambo adimu linalowahusu zaidi kina mama waliowahi kushika mimba. Siku 5 hadi 12 baada ya kuongezewa damu, chembe sahani za mgonjwa zinaanguka ghafla na madoa madogo mekundu au meusi yanatapakaa mwilini. Kinga ya mwili, iliyowahi kukutana na damu ya mtoto tumboni, imeamka na kushambulia. Mama aliyeongezewa damu hospitali moja na kuugua akiwa kijiji kingine aseme kuwa aliongezewa, na aseme lini.

Miezi baadaye

Sasa turudi kwa mama wetu wa paja lililovimba. Kwake nyasi zipo, na namba 8 ini lake linaitengeneza kama kawaida. Ila kingamwili zake, wale askari waliotakiwa kupambana na vijidudu, zimeanza kuishambulia protini hiyo kana kwamba ni adui. Ni kama tope linachotwa vizuri bondeni, na mtu analimwaga njiani kabla halijafika jarubani. Hii ndiyo hemofilia ya ukubwani.

Ni ugonjwa wa nadra. Uchunguzi uliofanyika Uingereza uliwapata wagonjwa takriban 1.5 kwa mwaka katika kila watu milioni moja. Sensa ya 2022 iliihesabia Katavi watu 1,152,958, kwa hiyo kwa kiwango hicho ungetarajia mgonjwa mmoja au wawili mkoani kwa mwaka. Huenda wakawa pungufu, kwa kuwa ugonjwa huu huwapata zaidi wazee na mkoa wetu umejaa vijana. Daftari la wagonjwa 501 wa nchi 13 za Ulaya, lililochapishwa mwaka 2012, lilionyesha umri wa kati wa wagonjwa ni karibu miaka 74, na nusu yao hawakuwa na sababu iliyojulikana. Wengine walikuwa na saratani, magonjwa ya kinga ya mwili, dawa fulani. Na 42 kati yao walikuwa wanawake waliougua kwa sababu inayohusiana na ujauzito. Kwao dalili zilianza, kwa kawaida, takriban miezi mitatu baada ya kujifungua.

Miezi mitatu. Rudia hesabu hiyo ukiwa umeshika kadi ya kliniki.

Kwa nini mwili ujishambulie wenyewe baada ya uzazi au upasuaji, majibu kamili hayajapatikana, ila kuna kisa kimoja kilichowafundisha madaktari mengi. Huko Marekani wapasuaji wa moyo na mifupa walikuwa wakipaka kwenye vidonda protini ya kugandisha damu iliyotolewa kwa ng'ombe. Ilifanya kazi nzuri pale pale mezani. Baadaye baadhi ya wagonjwa walianza kuvuja damu: miili yao ilikuwa imetengeneza kingamwili dhidi ya protini za ng'ombe, na kwa kuwa namba 5 ya ng'ombe inafanana na ya binadamu, kingamwili hizo ziligeuka na kuishambulia yao wenyewe. Katika miaka ya 1990 visa hivyo viliandikwa vingi katika majarida ya tiba, na mwaka 2008 iliidhinishwa nchini humo protini kama hiyo ya asili ya binadamu, inayotengenezwa maabara. Kisa hicho hakina uhusiano na mama wetu wa Sibwesa, lakini kinaonyesha kuwa mwili unaopita kwenye kisu unaweza kujifunza adui asiye sahihi.

Hemofilia ya ukubwani ina sura yake. Ile ya kurithi hupenda maungio. Hii hupenda ngozi na nyama. Mapaja, mikono, tumbo karibu na mshono. Vitabu vingi vinaonyesha picha za ngozi nyeupe yenye alama za bluu na zambarau. Kwenye ngozi yetu usitafute bluu. Tafuta sehemu iliyokuwa nyeusi kuliko kawaida, inang'aa, imevimba, ina joto na inauma ukiibonyeza. Mama anaweza pia kuanza kutokwa damu ukeni upya baada ya kuwa imekoma, au akapauka viganja na kuishiwa pumzi kwa sababu damu imejikusanya ndani ya msuli bila hata tone kuonekana nje.

Kipimo cha kwanza kinaitwa APTT. Hupima sekunde ambazo maji ya damu yanachukua kuganda, na kwa mgonjwa huyu sekunde hizo zinakuwa nyingi huku kipimo mwenzake, PT, kikiwa sawa. Hatua inayofuata ni rahisi kuielewa. Maji ya damu ya mgonjwa yanachanganywa nusu kwa nusu na ya mtu mzima wa afya. Kama kilichokosekana ni protini tu, ya mwenzake inatosha na sekunde zinarudi kawaida, kama chai isiyo na sukari ukiichanganya na yenye sukari. Kama kuna kingamwili, nazo zinaanza kuila ile iliyoletwa, na mchanganyiko ukiachwa kwa saa mbili kwenye joto, hauponi. Hapo daktari anajua anapigana na nini.

Matibabu yana pande mbili. Kuzuia damu kunahitaji dawa ghali zinazoiruka namba 8 na kugandisha kwa njia nyingine, na hizo hutazipata kijijini. Kutuliza kinga ya mwili hufanywa kwa dawa za jamii ya predinisoloni, vidonge vya kawaida kabisa, lakini kwa dozi na uangalizi wa bingwa, kwa sababu mgonjwa anaweza kufa kwa maambukizi akiwa anatibiwa kuvuja damu. Habari njema ni kwamba kina mama waliougua baada ya kujifungua wana nafasi nzuri ya kupona kabisa. Katika uchunguzi ule wa Uingereza, ambako hospitali ziko karibu na dawa zipo, takriban asilimia 9 ya wagonjwa wote walikufa kwa kuvuja damu. Hapa kwetu atakayefika Muhimbili, ambako kuna kliniki ya hemofilia, amevuka mengi.

Hatari ya mkono unaosaidia

Wengi wa wagonjwa hawa huumizwa zaidi na watu wanaowapenda. Paja limevimba na lina moto, basi ni jipu, lipasuliwe. Likipasuliwa hakitoki usaha, inatoka damu isiyokoma. Hata baadhi ya waganga wa hospitali wameshaingia mtego huo duniani kote, na ndiyo maana miongozo inasisitiza kuwa mtu mwenye uvimbe wa damu usioeleweka asiguswe na kisu kabla damu yake haijapimwa. Mgonjwa asichomwe sindano ya msuli. Asing'olewe jino.

Nyumbani kuna chale, kuna kuumikwa, kuna kukandwa. La chale na kuumika halihitaji maelezo: ni kufungua milango mipya kwa damu inayotafuta njia. La kukandwa ni gumu zaidi kulisema kwa sababu linafanywa kwa mapenzi. Bibi anachemsha maji, anashika kitambaa, anamkanda mzazi tumbo ili “damu chafu itoke”. Kwa aliyepasuliwa, kumkandamiza tumbo kwa maji ya moto kunaweza kumuunguza na kuachanisha mshono. Kwa ambaye damu yake haigandi kunaweza kuanzisha uvujaji ndani. Bibi, heshima yako iko pale pale. Mkande miguu akichoka, tumbo liache.

Kisha dawa za maumivu. Paja linauma, duka la dawa liko karibu, na kinachouzwa ni diklofenaki, ibuprofeni au asprini. Zote tatu zinazidhoofisha chembe sahani, nyasi zetu zile. Parasetamoli haina tatizo hilo.

Halafu maneno. Mwanamke anayevuja damu miezi mitatu baada ya kuzaa husemwa vibaya: ametoa mimba, amelala nje kabla ya arobaini, amerogwa na mke mwenza. Mume naye anasemwa kwamba anapiga. Kila moja ya kauli hizi inamchelewesha, kwa sababu mwanamke anayeshukiwa huficha shuka zake. Na wapo wanaomgeukia mpasuaji na kudai alikata mshipa. Pengine alikata, mambo hayo hutokea na familia ina haki ya kuuliza. Lakini mshipa uliokatwa vibaya haungoji wiki 12 ndipo uvuje kwenye fizi.

Kwa mjamzito, mzazi na mtoto mchanga mwenye dharura kuna namba 115 ya mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Simu ni bure, na kituo hutafuta gari la wagonjwa au dereva wa eneo hilo aliyesajiliwa. Iandikwe mlangoni kabla ya siku ya uchungu.

Siku ya chanjo

Huduma ya mama baada ya kujifungua kwa utaratibu wa kawaida inaishia siku ya 42. Mahudhurio ya mwisho yako hapo, na mila nayo inamwachia hapo hapo, siku ya 40. Mama wetu wa mfano ameugua wiki ya 12. Kwa vitabu vya uzazi yeye si mzazi tena.

Hata hivyo anaenda kliniki. Mtoto ana chanjo wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na mama wa Sibwesa, kama mama wengine wa Tanzania, hawezi kukosa chanjo ya mwanawe. Wiki ya 14 ni siku ya 98, karibu kabisa na ile miezi mitatu ya wagonjwa wa Ulaya. Mtoto anapimwa uzito, anachomwa, kadi inapigwa muhuri, foleni inasogea. Mama aliyembeba, akiwa na doa kama sahani chini ya kanga, hajaulizwa kitu.

Muuguzi wa foleni ile ana kazi nyingi na sitamwongezea fomu. Namwongezea sentensi moja: “Na wewe mama, unatoka damu popote, au una uvimbe?” Kama jibu ni ndiyo, aulize kama alipasuliwa na kama aliongezewa damu, kisha ampe rufaa yenye maneno “anavuja damu bila sababu, apimwe PT na APTT”. Karatasi iliyoandikwa “uvimbe pajani” tu itampeleka kwa mwenye kisu. Na ndugu wanaomsindikiza Mpanda wanaweza kuuliza swali hilo hilo kwa mdomo, hata wasipojua herufi zenyewe: “Daktari, damu yake imepimwa kama inaganda?”

Waende na mtu wa kuchangia damu. Wengi wa wagonjwa niliowataja, isipokuwa yule wa vitamini K aliyewahiwa, watahitaji damu au sehemu ya damu, na damu haitengenezwi kiwandani. Mpango wa Taifa wa Damu Salama unapokea wachangiaji wenye umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50, mwanamume kila baada ya miezi 3 na mwanamke kila baada ya miezi 4. Sehemu kubwa ya wachangiaji nchini ni wanafunzi wa sekondari na vyuo, kwa hiyo shule zikifungwa akiba inapungua, na likizo ya Desemba inaangukia msimu wa mvua, barabara za kwenda Mpanda zikiwa zimelowa.